Unyevu wa Mzee Sostenes

Saa mbili na nusu asubuhi, umande ulipokwisha kukauka, Luciana alitandika turubai la bluu uani, akaweka mawe manne kwenye pembe kwa sababu upepo wa Issuna mwezi wa sita hauna adabu, akamwaga madebe matatu ya alizeti na kuyasambaza kwa mgongo wa reki. Kisha akamwita mumewe. Sostenes akatoka na kaptula yake ya kaki, akavua kandambili, akalala chali upande wa mashariki, ule ambao haukuwa na alizeti, akafumba macho. Saa nne Luciana aligeuza alizeti. Saa nne na dakika tano akamgeuza Sostenes.

Ilikuwa siku ya tisa ya kumwanika, na sababu yake haikuwa ngumu. Sostenes alikuwa mpimaji kwenye kinu cha kukamulia alizeti kwa miaka ishirini na miwili. Kila gunia lililoshushwa pale alilichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, akatoa punje kiganjani, akazitia kwenye kipimo cha unyevu na kusoma namba. Ikiwa kumi kushuka chini, gunia linaingia. Ikiwa kumi na moja, gunia linarudi nyumbani. Watu walimletea kuku, walimkumbusha undugu wa upande wa bibi, wengine walikaa chini wakalia. Sostenes aliwasikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kukatisha mwenzake, halafu akasema, "Kaanike, urudi."

Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kisukari alikuwa nacho tangu miaka kumi na saba iliyopita. Kisukari kilianzia machoni, kikaenda kwenye vidole vya miguu, kikamalizia kwenye figo. Huko mjini Singida kulikuwa na kliniki yenye tiba mpya: mgonjwa anawekewa mrija mwembamba tumboni, anaingiza lita mbili za maji ya dawa kutoka kwenye mfuko, maji yanakaa masaa kadhaa yakivuta uchafu na chumvi iliyozidi, kisha yanatolewa na kuingizwa mengine. Mara nne kwa siku, nyumbani kwake, bila kusafiri kwenda kulala kwenye mashine. Daktari wa kliniki aliitwa Parvin Ladha, binti wa muuza vitambaa wa pale pale sokoni, mtoto wa mjini aliyekulia kwenye vumbi lile lile na kusema Kiswahili kile kile. Alimweleza Sostenes vizuri kwamba figo zake zinafanya kazi asilimia kumi na sita, na utaratibu unasema mtu anaanzishiwa maji zikifika kumi. Basi aende nyumbani, ale bila chumvi, ameze dawa, arudi baada ya miezi miwili.

Sostenes alitoka pale na uso mkunjufu. Ndani ya basi alimwambia mkewe kwamba amekutwa na kumi na sita, na kumi na sita si mbaya hata kidogo, kwani alizeti ya jirani yao Febronia mwaka wa mvua nyingi ilikuja na kumi na tisa na mwisho wake ikapokelewa. Kwa jua zuri, alisema, ni kazi ya siku kumi na mbili. Luciana aliuliza kama daktari ametaja jua. Sostenes akajibu kwamba daktari hawezi kumfundisha mtu kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili.

Luciana hakubishana. Alikuwa na vipimo vyake mwenyewe, ambavyo hakuviandika popote. Viatu vya kanisani vya mumewe vilikuwa haviingii tangu Pasaka. Alama ya soksi ilikaa mguuni mpaka wakati wa kula. Kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua arobaini, na Sostenes, aliyekuwa akizipiga huku anaimba, sasa alipumzika mara mbili, mara ya kwanza kwenye kamba ya nguo na mara ya pili kwenye banda la kuku. Mito ya kulalia ilikuwa miwili, ikawa mitatu.

"Baba Leah, unajaa," alimwambia.

"Nakauka. Angalia mikono."

Na kweli mikono ilikuwa imekauka, imebaki mifupa na ngozi. Maji yote yalikuwa yamehamia chini.

Siku hiyo ya tisa, alipomgeuza, Luciana aliona kwenye turubai umbo jeupe la mtu mzima, na mabega yake, na visigino vyake. Akagusa kwa kidole akaonja. Ilikuwa chumvi, yenye uchungu kidogo kama ile ya ziwani. Akaifagia kwa mkono, akaangalia mgongo wa mumewe, nao ulikuwa unang'aa kama ukingo wa Ziwa Kindai wakati wa kiangazi.

Saa tano alikuja mbuzi. Alikuwa mweupe mwenye sikio moja la kahawia, mali ya Febronia. Alipita kando ya alizeti bila kuigusa, jambo ambalo Luciana alilitazama kwa makini zaidi kuliko lile lililofuata, akasimama karibu na Sostenes, akaanza kumlamba muundi. Sostenes alifungua jicho moja akauliza mbuzi ni wa nani. Akaambiwa. Akasema ulimi wake ni kama msasa, ila pale anapolamba palikuwa panamwasha tangu mwaka jana, basi aachwe. Baada ya muda akamwomba mbuzi asogee juu kidogo.

Wiki iliyofuata mbuzi walikuwa kumi na mmoja. Mbuzi wa Febronia, aliyekuwa akitoa kikombe kimoja cha maziwa, alianza kutoa sufuria. Habari hiyo ilifika kisimani kabla ya Febronia mwenyewe. Watu wakaacha kununua mawe ya chumvi ya mifugo, wakawa wanapitisha mifugo kwa Sostenes wakienda malishoni. Mwenyekiti wa kijiji, Melkizedeki, mtu mwenye utaratibu, alikuja na daftari akapanga zamu: mbuzi na kondoo asubuhi, ndama adhuhuri, ng'ombe kuanzia saa tisa na si zaidi ya wawili kwa wakati mmoja, kwa sababu ulimi wa ng'ombe ulishamsukuma mzee nje ya turubai. Punda wenye mimba walipewa kibali maalumu. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akazunguka turubai mara moja, akashauri maziwa yachemshwe.

Kiangazi kile, wakati vijiji vingine vinakunywa chai ya rangi, Issuna walikunywa maziwa yenye chai ndani yake. Kila aliyeleta mnyama alimsalimia Sostenes kwa heshima, akaulizia namba.

Miezi miwili ilipotimia walirudi mjini. Mbuzi mwenye sikio la kahawia aliwafuata kituoni akapanda nao, kondakta akamweka nyuma pamoja na madumu. Kliniki alikaa sakafuni, miguu imekunjwa, akamlamba Sostenes kifundo bila kelele. Daktari Parvin alimwamkia mzee na mama, akamtazama mbuzi, akaandika kwenye faili: mbuzi mmoja. Akaeleza kwamba uchafu ambao figo haziwezi kuutoa unatafuta njia ya ngozi, na mnyama anaujua mapema.

Namba ilikuwa kumi na tano.

Sostenes alililaumu jua. Alisema mwezi wa saba ulikuwa na mawingu mengi asubuhi. Ndipo daktari alipouliza jua linahusu nini, na alipoelezwa, akaweka kalamu chini, akasema polepole kwamba ile si namba ya unyevu, mzee wangu, ni namba ya nguvu ya figo, na tena ina walakini wake. Inapigiwa hesabu kutokana na taka za nyama ya mwili. Mtu wa kisukari akikonda mikono na mapaja, taka zinapungua, na karatasi inamwona mzima. "Kwa macho yangu muda wako umefika," alisema. "Kwa karatasi, bado."

Hata hivyo alijaza fomu, akaituma bohari, kule mifuko ya maji inakotolewa. Baada ya saa moja fomu ilirudi na mhuri mwekundu wa BADO. Chini ya namba palikuwa na mistari mitatu mitupu, lakini hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa mbuzi.

Sostenes aliyaelewa maneno ya daktari nusu. Nusu nyingine, ile iliyokaa ndani yake miaka ishirini na miwili, ilielewa kwamba kumi ni kumi. Kesho yake alimwomba Luciana ngazi, akaanikwe juu ya bati ambako kuna joto zaidi. Luciana aliificha ngazi kwa Febronia.

Kisha akaenda kwenye mkutano wa kijiji. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Alisimama akaomba kijiji kiandike barua, mwenyekiti agonge mhuri, iende bohari kueleza kwamba mume wake anazama akiwa juu ya nchi kavu. Wajumbe walimsikiliza vizuri. Walikubaliana wote kwamba afya ni jambo la kwanza. Mmoja akapendekeza mzee aanze matibabu mvua zikishanyesha na nyasi zimerudi. Mwingine akaunga mkono. Melkizedeki akafuta maziwa kwenye masharubu.

"Tusiwaharakishe wataalamu, Mama Leah," alisema. "Karatasi imesema bado, na sisi ni watu wa kufuata taratibu."

Luciana akasema asante, akaketi, akahesabu vichwa vya waliokuwepo. Walikuwa arobaini na wawili, na wote mashavu yamenenepa.

Ilipofika mwezi wa kumi Sostenes hakuweza tena kulala chali. Akilala, maji yalipanda kifuani, na Luciana aliyasikia yakigonga kama yaliyomo kwenye dumu lisilojaa likiwa nyuma ya baiskeli. Sasa alianikwa ameketi. Heroe wawili, wale ndege wa pinki wa ziwani, walitua uani asubuhi moja, wakasimama kila mmoja kwa mguu mmoja, wakayatazama magoti yake kwa muda mrefu. Luciana aliwafukuza kwa kanga. Akaingia ndani akafunga nguo za mume wake kwenye mfuko, kwa kuwa alijua siku za mumewe zilizobaki zinahesabika, na kwamba miadi ya kliniki ingefika baada ya siku hizo kwisha.

Wakafika mjini siku ya Alhamisi, bila miadi, yeye, mume na mbuzi. Daktari hakuuliza. Alimtoa damu Sostenes, wakasubiri.

Namba ilikuwa kumi na sita.

Sostenes alitazama sakafu. Alikuwa na uso wa mkulima aliyeanika gunia miezi minne, akalileta, akaambiwa limezidi kulowa. Akashika ukingo wa meza ili ainuke.

"Nitaenda kuanika," alisema.

"Kaa chini, Baba Leah," alisema Luciana. Sauti yake haikupanda. "Mwaka ule Lazaro alipoleta magunia sita, kipimo kilisema ngapi?"

"Tisa."

"Uliyapokea?"

"Sikuyapokea."

"Na kipimo kimesema tisa?"

Sostenes alivuta pumzi, na kuivuta kulimchukua muda. "Alikuwa ameweka kavu juu na mbichi chini. Niliingiza mkono."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye kiwiko."

Luciana akamgeukia daktari. "Mwanangu, ingiza mkono."

Daktari Parvin alivua saa na bangili mbili, akakunja mkono wa koti, akapiga goti, akabonyeza muundi wa Sostenes kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Kikafuatiwa na kiganja, na kifundo, na mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Akapapasa huku na huku akitazama ukutani, kama mtu anayetafuta kijiko ndani ya ndoo. Akasema kuna baridi, na chini kabisa kuna tope. Akautoa mkono, akaukausha, na chumvi ikabaki nyeupe mpaka kiwikoni. Mbuzi akamsaidia.

"Ulitakiwa kuanza mwezi wa saba," alisema.

Akachukua fomu mpya. Akatazama pale pa namba, akatazama mlango, akasema kwamba sita ikiondolewa na kuwekwa sifuri hakuna atakayejua, ni mkato mmoja wa kalamu.

"Usiandike," alisema Sostenes.

Luciana alimtazama mume wake. Alimfahamu tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na alijua kwamba hapo hamwezi. Mtu yule alimrudisha baba mkwe wake mwenyewe na gunia lake la kumi na moja, wiki moja kabla ya harusi. Angekufa na kumi na sita yake, akiwa amenyooka.

Kwenye benchi la dirishani kulikuwa na mtu aliyeketi kimya tangu asubuhi, kofia ya mchimbaji iko magotini. Sasa akakohoa kidogo. Daktari akawatambulisha. Aliitwa Moses, mchimba dhahabu wa Sekenke, naye alikuwa na kisukari, naye alisubiri kufika kumi. Alifika tisa siku aliyofariki, mwezi wa nne. Bohari ikaidhinisha mifuko yake wiki iliyofuata, na tangu hapo inakuja kila mwezi bila kukosa, maboksi thelathini, na kwa kuwa utaratibu unataka mgonjwa asaini kwa mkono wake, Moses huja kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi kusaini.

Moses alisimama akasema shikamoo mzee. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Sostenes alifikiri kidogo kama marehemu ndiye mkubwa, kisha akaitikia marahaba.

"Mimi nasaini tu," alisema Moses. "Nyumbani maboksi yamejaa mpaka chini ya kitanda cha mama. Chukua, mzee. Tumbo langu halina kazi nayo."

Sostenes akauliza swali moja tu, kama ile tisa ilikuwa ya kweli.

"Ya kweli. Walipima mara mbili."

"Haya," alisema Sostenes, akaketi vizuri kwenye kiti.

Mrija uliwekwa kesho yake asubuhi. Daktari alisema wazi kwamba mtu aliyeanzishwa kwa wakati wake angepumzika wiki mbili kidonda kipone ndipo aingize maji, lakini Sostenes hakuwa nazo hizo wiki mbili, basi wataanza kwa maji machache, akiwa amelala juu ya mito mitano, na wataangalia kama panavuja. Palivuja kidogo. Luciana alibadilisha pamba siku nane, akiketi kwenye ndoo iliyogeuzwa pembeni ya kitanda, na siku ya tisa pakakauka.

Nyumbani alimfanyia chumba. Alipaka chokaa, akaondoa kuku, akapigilia msumari darini wa kuning'iniza mfuko, akaweka sabuni, beseni na taulo ambalo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kulitamani. Sostenes akaomba ile mizani ya ndoano ya kinuni, wakamwazima. Kila mfuko aliupima ukiingia na ukitoka: zimeingia kilo mbili, zimetoka kilo mbili na robo tatu. Aliandika kwenye daftari la mistari kwa kalamu ya bluu, na chini ya kila siku akapiga mstari kwa rula. Mwezi wa kumi na mbili viatu vya kanisani viliingia. Hatua arobaini za chooni alizipiga bila kupumzika, ingawa hakuimba tena. Daktari alikuwa amewaambia kwamba moyo uliobeba maji miezi minne hauwi tena ule wa kwanza, na wimbo unataka pumzi.

Kwa karatasi, Sostenes wa Issuna alikuwa bado anasubiri, namba kumi na sita, arudi baada ya miezi miwili. Kwa karatasi, Moses wa Sekenke alikuwa anaendelea vizuri sana. Bohari ilimwandikia barua ya kumpongeza kwa kufuata masharti, naye akawasomea Alhamisi walipokutana, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mbuzi walikuja siku tatu. Walilamba, wakatazamana, wakalamba tena, wakaondoka kwa mstari. Maziwa ya Febronia yakarudi kwenye kikombe, na salamu zake za asubuhi zikafupika kwa kiasi hicho hicho. Melkizedeki alikuja kumpa mgonjwa pole, akakaa kwa muda wa kutosha, kisha akauliza kama haiwezekani mzee kupumzisha mifuko siku za Jumamosi. Luciana alimpa chai ya rangi.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Luciana alipokuwa akichota maji, alimwona yule mbuzi mwenye sikio la kahawia akipita kisimani bila kunywa, akielekea kwa Lazaro, yule wa magunia sita. Lazaro alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kisukari chake kilikuwa na miaka kumi. Luciana akatua ndoo, akamfuata mbuzi. Alimkuta Lazaro uani, amekaa kwenye kigoda juani, kadi ya kliniki iko mapajani. Walisalimiana. Alikuwa ametoka mjini jana, alisema, namba ni kumi na tisa. Luciana alimtazama miguu. Akamweleza yote, kuhusu mikono inayokonda, kuhusu soksi, kuhusu mito, akamwambia arudi kesho asingoje, amwambie daktari aingize mkono.

Lazaro alimwonyesha kadi. Mhuri mwekundu ulikuwa bado haujakauka vizuri.

"Wamesema mwezi wa tano, mama," alisema, akavua viatu.

Melkizedeki alikuwa anaingia getini na daftari. Lazaro alimwomba kitu kimoja tu, kwamba Jumapili wanyama wasije kabla ya misa. Mwenyekiti aliona ombi lina haki, akaliandika.